Jambia la babu na kifaru aliyetoweka

*"Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, Wete. Wiki iliyopita nilisomesha darasa la sita habari za wanyama waliotoweka, nikawaambia kifaru mweusi wa Afrika Magharibi alitangazwa kutoweka mwaka 2011. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: 'Mwalimu, mbona mjomba wangu alikwenda Ngorongoro akawaona vifaru weusi?' Sikuwa na jibu. Mwengine akasema wataalamu wameshahifadhi mbegu zake, watamrudisha. Kurudi nyumbani namkuta bi mkubwa wetu anakwangua mpini wa jambia la marehemu babu, amkorogee mjukuu mwenye homa. Mpini huo tunaambiwa ni pembe ya kifaru. Babu alilinunua kwa Mshihiri mmoja, Mwarabu wa Yemen, pale Malindi, Unguja, kabla ya Mapinduzi. Na kuna kijana kutoka mjini ameshakuja mara mbili kulitaka kwa pesa nyingi. Sasa nimechanganyikiwa. Huyu kifaru ametoweka au hajatoweka? Anaweza kurudi? Na sisi kama familia tumo katika hili? Jambia tulifanyeje?"*

Waalaykum salaam, Mwalimu. Nianze na mtoto, maana yeye hangoji. Kama homa bado ipo, mpelekeni kituo cha afya leo, akapimwe. Ikiwa ana degedege, anatapika kila anachopewa, hali wala hanyonyi, au amelegea hata kuita haitikii, msingoje asubuhi. Pembe ya kifaru imeumbwa kwa keratini, kitu kile kile kilichomo katika kucha na nywele zako. Ukiukwangua mpini ukamnywesha mtoto, umemnywesha kucha. Tena mpini wa zamani umepita mikono mingi, umetiwa gundi, umesuguliwa kwa dawa ya kung'arisha, na hayo yote yanakwenda tumboni pamoja na unga. Lakini kinachonitia hofu zaidi ni zile saa zinazopita watu wakingojea homa ishuke, na ugonjwa wenyewe unaendelea. Bi mkubwa msimgombeze. Kafanya alivyofanyiwa yeye na mama yake, kwa mapenzi. Mwambieni kwa upole, na safari ya kituoni aende naye.

Sasa tuje kwa kifaru. Mwanafunzi wako hakukosea, na wewe hukukosea. Kifaru mweusi ni spishi moja, lakini ndani yake wataalamu wanatambua nususpishi nne: ya magharibi, ya mashariki, ya kusini-kati na ya kusini-magharibi. Wale aliowaona mjomba Ngorongoro ni wa mashariki. Waliokwisha ni wa magharibi, ambao ngome yao ya mwisho ilikuwa savana za kaskazini mwa Cameroon. Na watoto wasishughulishwe na rangi. Kifaru mweusi ni wa kijivu, na yule anayeitwa mweupe naye ni wa kijivu. Tofauti waitazame mdomoni: mweupe ana mdomo mpana wa kulishia majani ya chini, mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, anaukunja kama kidole kuvutia matawi.

Kazi ya mdomo huo niliiona kabla sijamwona mnyama mwenyewe. Nilikuwa kijana wa mafunzo, hapo hapo Ngorongoro, asubuhi yenye ukungu. Askari wa wanyamapori akachuchumaa penye kichaka, akanishikisha tawi la mgunga lililokatwa mshazari, safi, utadhani limepitishwa kisu kikali. "Tembo anachana na kung'oa," akaniambia. "Huyu anakata." Tawi lilikuwa bado bichi, utomvu haujakauka. Mpaka leo nikieleza habari za mnyama huyu mkono wangu unakumbuka ule mkato.

Watoto watakuuliza, nususpishi ndiyo nini, na ikipotea moja kati ya nne tumepungukiwa nini? Wape mfano wa lugha, wataelewa mara moja. Kiswahili ni kimoja, lakini Kipemba si Kimakunduchi, na Kitumbatu si Kimvita. Watu wanasikilizana, wanaoana, wanazaa. Siku atakapofariki mtu wa mwisho anayesema Kimakunduchi, hakuna atakayesema Kiswahili kimekufa. Lakini kila neno lililokuwa likisemwa Makunduchi tu, kila namna ya kutaja pepo na samaki iliyozaliwa kule, itakuwa imezikwa naye. Ndivyo ilivyo kwa kifaru wa magharibi. Vizazi vyake vilikaa ardhi ile kwa maelfu ya miaka, vikazoea mimea yake, kiangazi chake na maradhi yake. Kifaru wa Ngorongoro ukimpeleka Cameroon ni mgeni, hata kama ni ndugu.

Jambo jengine la kusahihisha darasani ni huo mwaka 2011. Huo ni mwaka wa tangazo. Mwaka 1980 vifaru wa magharibi walikadiriwa kuwa 135 hivi, wengi wao Cameroon na wachache Chad. Kufika 1997 walikisiwa kuwa kumi. Mwaka 2001 ikasemwa watano. Mwaka 2006 watafiti wakaingia kaskazini mwa Cameroon wakatafuta kwa miezi, wasimwone hata mmoja, wala kinyesi, wala tawi lililokatwa mshazari. Jambo lililoniumiza katika habari ile ni kwamba baadhi ya nyayo zilizokuwa zikiripotiwa ziligundulika kuwa za kughushi. Wafuatiliaji wenyewe walikuwa wakizitengeneza, ili kazi isije ikaisha. Mimi siwezi kuwalaani watu wale. Walikuwa na watoto wa kulisha, na mshahara wao ulining'inia kwa mnyama ambaye hayupo. Lakini nyayo za uongo zikawafanya walio mbali waamini kuwa bado kuna muda. Ndipo mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, likatamka rasmi kuwa ametoweka.

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na ningependa ukae nalo muda mrefu kuliko tarehe. Watu hudhani mnyama anatoweka siku ya risasi ya mwisho. Kumbe anakuwa ameshakwisha zamani, na bado baadhi yao wanatembea. Kifaru jike hubeba mimba miezi 15 au zaidi, huzaa mtoto mmoja, akakaa naye miaka miwili, mitatu. Akiuawa mama, na mtoto mchanga kafa. Dume na jike hawaishi pamoja. Kila mmoja ana eneo lake, na wanajuana kwa harufu, kwa marundo ya kinyesi wanayoyarudia na mikojo wanayorushia vichakani. Rundo hilo ndilo barua yao. Dume hupita, hunusa, akajua nani kapita, jike gani yuko tayari.

Basi wafikirie wale kumi, wametawanyika katika nchi kubwa. Tuseme, kwa mfano tu, majike ni wanne. Mmoja mzee, hazai tena. Mmoja hajapevuka. Wawili waliobaki, mmoja yuko mwendo wa siku kadhaa kutoka kwa dume la karibu, na kati yao kuna mashamba, barabara na ng'ombe. Jike hupata joto siku chache tu, kisha linapita. Dume anakwenda kwenye rundo lake, ananusa, hakuna jibu. Hapo hata ukiwaondoa majangili wote usiku mmoja, hesabu imeshaharibika. Na wakibahatika kukutana, watakuwa ndugu kwa ndugu, na kizazi kinadhoofika. Kumi waliotawanyika si sawa na kumi waliokusanywa mahali pamoja wakalindwa. Vifaru weupe wa kusini walishuka chini ya 100 mwishoni mwa karne ya 19, lakini walikuwa pamoja, Afrika Kusini, na wakalindwa. Leo wako zaidi ya 15,000.

Sasa nani aliwamaliza? Pembe. Na hapa, Mwalimu, lugha yetu wenyewe ni shahidi. Sisi tuna neno *kipusa*. Kamusi itakwambia kipusa ni pembe ya kifaru, na tena ni msichana mzuri. Unguja hakuna kifaru, Pemba hakuna kifaru, lakini wazee wetu walikuwa na jina la pembe yake peke yake, na ikathaminiwa mpaka likawa jina la kumsifia binti. Vipusa viliteremshwa bandarini Unguja pamoja na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, vimetoka bara kwa misafara, vikangoja upepo wa kwenda Arabuni na Bara Hindi. Tulimjua kipusa, hatukumjua kifaru.

Biashara hiyo ya zamani iliwapunguza, lakini iliyowamaliza ni ya juzi. Mwaka 1960 vifaru weusi Afrika nzima walikadiriwa kuwa kama 100,000. Mwaka 1995 hawakufika 2,500. Katikati ya miaka hiyo ilipanda bei ya mafuta, vijana wa Yemen wakaenda kufanya kazi Saudi Arabia, wakarudi na pesa, na kila mmoja akitaka jambia lenye mpini kama wa wakubwa. Mashariki ya mbali pembe ikasagwa kuwa dawa ya homa, imani ile ile ya bi mkubwa wako. Yemen ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982, lakini magendo yakaendelea. Cameroon na Chad ulinzi ulikuwa dhaifu, silaha zimejaa, na kifaru ni mnyama wa desturi, njia yake ya kwenda majini ni ile ile kila siku. Kumvizia si kazi.

Kwa hiyo, je, babu amemuua kifaru wa magharibi? Hapana. Pembe zilizofika Malindi zilitoka bara la Afrika Mashariki, kwa ndugu zake na hawa wa Ngorongoro, wala hazikutoka Cameroon. Na babu alinunua kitu kilichouzwa hadharani, wakati ambapo katazo la kimataifa lilikuwa bado. Habari ya dhambi nawaachia masheikh. Lakini sitaki nikufariji kwa kukudanganya: hamu iliyofanya mpini ule uwe na thamani ndiyo iliyopanda, ikavuka Afrika nzima, na vifaru wetu wa mashariki nao waliponea chupuchupu. Ngorongoro miaka ya 1960 walihesabiwa zaidi ya 100. Miaka ya 1990 walikuwa wamebaki kumi na kitu. Walionusurika walilindwa usiku na mchana, kama faru Fausta aliyeishi miaka 57 mpaka akafa kwa uzee Desemba 2019.

Na kurudi je? Yule mwanafunzi wa pili amechanganya vifaru wawili, na si yeye tu, hata watu wazima wanawachanganya. Aliyehifadhiwa mbegu ni kifaru mweupe wa kaskazini. Dume lake la mwisho, Sudan, lilikufa tarehe 19 Machi 2018 katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Wamebaki majike wawili, Najin na mwanawe Fatu, na hakuna anayeweza kubeba mimba. Tangu 2019 wataalamu wanachukua mayai, wanayarutubisha maabara kwa mbegu za madume waliokwishakufa, na viinitete, yaani mimba changa kabisa, vimegandishwa. Sasa mayai hutolewa kwa Fatu tu, mama yake amepumzishwa. Nia ni kuvipandikiza kwa majike wa kusini. Mwaka 2024 ilitangazwa kuwa njia hiyo imeshika mimba kwa mara ya kwanza, lakini kwa kiinitete cha kusini, cha majaribio, na yule jike aliyebebeshwa akafa kwa maambukizi kabla ya kuzaa. Mimi naunga mkono kazi ile. Ila ukiniuliza kama itatosha, nitakwambia hata akizaliwa ndama kesho, atakuwa mtoto wa kizazi chembamba mno, na atahitaji nchi salama ya kuishi.

Kifaru mweusi wa magharibi hana hata hicho. Hakuna aliyekuwa amefugwa katika bustani yoyote ya wanyama duniani. Hakuwekewa amana mahali popote. Linganisha na hili: miaka ya 1960 mwanzoni vifaru weusi wachache wa mashariki walichukuliwa Kenya wakapelekwa Afrika Kusini. Wakazaana kule. Mwaka 2010 watano katika wazao wao wakapakiwa ndege wakaletwa Serengeti, nchi ya mababu zao, wakati Serengeti ilikuwa imebakiwa na wachache sana. Hiyo ndiyo amana. Kwa hiyo mwanafunzi wako mwambie ukweli bila kumpaka mafuta: huyu harudi. Ila vifaru weusi kwa jumla wamepanda tena, sasa wamezidi 6,000, na wanalindwa.

Tuje kwenye jambia. Kwanza hamna hakika kuwa ni kipusa. Mipini mingi iliyouzwa kwa jina hilo ni pembe ya ng'ombe au nyati, na mengine ni plastiki. Pembe ya ng'ombe ina uwazi ndani, kwani ilikaa juu ya mfupa. Ya kifaru imejaa yote, haina mfupa, ni nyuzi nyembamba zilizoshikamana mfano wa nywele. Usiku washa tochi nyuma ya mpini. Ukiona ukingoni rangi ya asali inayopitisha mwanga, na ndani yake mistari kama ya unywele inayokwenda sambamba, huenda ni yenyewe. Wayemeni wana jina la mng'ao huo wa uzee, *sayfani*, na ndio unaomfanya kijana wa mjini arudi mara mbili. Usijaribu kwa moto, haukwambii kitu: ya ng'ombe nayo ni keratini, zote zitanuka nywele iliyoungua, na utakuwa umeharibu kumbukumbu ya babu bure. Mwenye kusema kwa yakini ni mtaalamu aliyeushika mkononi, na mimi kwa maandishi siwezi.

Msimuuzie. Biashara ya kimataifa ya pembe ya kifaru imekatazwa tangu 1977 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuuza au kusafirisha nyara bila kibali ni kosa zito. Yeye akikamatwa bandarini, jina la kwanza atakalolitaja ni lenu. Njia ya pili ni kulifungia kabatini na kunyamaza, na najua familia nyingi zimechagua hivyo. Siwalaumu, lakini mnamwachia mjukuu kitu asichokijua asili yake, na siku ya shida atatokea kijana mwengine na pesa zaidi. Mimi ningefanya hivi: mkalishe bi mkubwa, mwandike anayoyakumbuka, nani alinunua, wapi, mwaka gani, kwa kiasi gani kama anajua. Pigeni picha. Mjulisheni sheha, kisha mtu mzima wa familia aende mwenyewe ofisi ya misitu hapo Pemba na picha hizo, jambia libaki nyumbani, aulize utaratibu wa kulitolea taarifa. Mkiwa na wasiwasi wa kisheria, muoneni mwanasheria kwanza, hilo halina aibu. Na kama familia itaridhia, makumbusho ni mahali pazuri pa jambia kama hilo, likiwa na jina la babu na habari yake chini yake.

Darasani usiishie Cameroon. Sisi wenyewe tulikuwa na chui wa Unguja, mdogo kuliko wa bara, madoa yake madogo madogo, aliyeelezwa rasmi mwaka 1932. Akachukiwa kwa imani kuwa wachawi wanamfuga, na baada ya Mapinduzi ikapita kampeni ya mganga aliyeitwa Kitanzi, ya kusaka wachawi na chui kwa pamoja. Aliyebaki wa kumwangalia ni yule aliyekaushwa wa makumbusho ya Mnazi Mmoja. Mwaka 2018 ilitolewa picha ya kamera iliyotegwa msituni ikimwonesha chui. Ningefurahi kuliko wengi, lakini umeshajua hesabu ya mmoja mmoja ilivyo. Na paa nunga bado tunaye, wachache, katika misitu ya Unguja, na nyama yake bado inaliwa.

Kwa Pemba una jambo bora zaidi, na halitaki nauli kubwa. Popo wa Pemba, yule mkubwa asiyepatikana pengine duniani, mwishoni mwa miaka ya 1980 alionekana kuwa anamalizika, kwa bunduki na kwa kukatwa misitu. Vijiji vikaunda vikundi, uwindaji ukazuiwa, na miaka ishirini baadaye wakakadiriwa kufika 20,000. Wapeleke watoto Kidike, alasiri, jua likianza kupoa, wananing'inia mitini wakijipepea kwa mbawa. Kila mtoto apewe mti mmoja, ahesabu, aandike. Kisha wahesabu tena wawili wawili, mmoja akisoma na mwenzake akihakikisha. Mtaona namba hazifanani, na hapo ndipo waulize wale watafiti wa Cameroon walijuaje kuwa hakuna.